Uzoefu wangu: sakafu ya joto katika chumba cha kushonea chini ya nyumba

Nianze na jibu ambalo wengi wanalitafuta. Kwa chumba cha chini ya nyumba hapa Nairobi, ukitaka sakafu ya kupashwa joto kwa umeme, weka vigae vya porselini. Nimevitumia msimu mzima wa baridi na nimeridhika kabisa. Ila kazi iliyookoa chumba changu ilifanywa kabla ya kigae cha kwanza kulazwa, nayo ni kuzuia unyevu.

Tunakaa upande wa Lower Kabete, nyumba imejengwa kwenye mteremko. Chumba hicho mbele kina dirisha, nyuma ukuta mzima umeegemea udongo mwekundu. Anayeshona atanielewa: pedeli ya cherehani naikanyaga bila kiatu ili niidhibiti vizuri, na ifikapo Julai sakafu tupu ya saruji hutia mguu ganzi. Jiji letu liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na chumba cha chini hakipati jua la kukisaidia.

Nilikuwa tayari kwenda kununua vigae fundi aliponizuia. Alichukua kipande cha karatasi ya nailoni, akakilaza juu ya zege, akaziba kingo zote kwa selotepu pana na kukiacha hadi kesho yake. Tulipokibandua, upande wa chini ulikuwa umejaa matone, na zege lililofunikwa limekuwa jeusi kuliko la pembeni. “Mama, usinunue chochote bado,” akaniambia. “Hii sakafu inatoa jasho.” Kipimo hicho hakigharimu kitu, na ningependa kila mwenye chumba cha chini akifanye, hasa baada ya mvua za masika.

Basi tukachimba mfereji nje nyuma ya ukuta, maji yapate njia, kisha sakafu ikapakwa dawa ya kuzuia maji mara mbili, mpako wa pili ukikatiza wa kwanza na kupanda kidogo ukutani. Hapo ndipo pesa nyingi zilikwenda, wala sizionei uchungu. Vitambaa hunyonya unyevu. Kitenge kikishashika harufu ya ukungu, mteja ataisikia hata ukifue vipi. Na asikudanganye mtu kwamba joto la sakafu litakausha unyevu unaopanda kutoka ardhini. Maji yazuiwe kwanza.

Kuhusu aina za sakafu, zulia nililikataa mapema: pini hupotelea humo, na likiwa nene hulizuia joto lisipande. Lamineti ina kiini cha ungaunga wa mbao uliogandamizwa, kikipata maji kinavimba. Mbao halisi ni nzuri kwa macho, lakini hupanuka na kusinyaa, na kwa kawaida watengenezaji hawataki joto la uso wake lipite nyuzi 27. Vinili ngumu ya kubana, yaani mbao za plastiki ambazo kingo zake hushikana zenyewe, ndiyo iliyonivuta zaidi; haiozi, ni laini kwa mguu, na inalazwa haraka. Ila nayo mara nyingi kikomo chake ni nyuzi 27. Porselini haina wasiwasi huo. Hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake, na hupitisha joto vizuri kuliko mbao kwa mbali. Chagua isiyong'aa, isiteleze.

Chini ya vigae kuna bodi nyembamba za povu gumu. Bila hizo joto lingezama ardhini. Juu yake ukatandazwa mkeka wa waya wa wati 150 kwa kila mita mraba, mahali pa wazi tu. Chini ya kabati haufai kuwekwa kwa sababu joto hunaswa hapo. Fundi wa stima aliupima ukinzani wa waya kwa mita ya umeme kabla ya gundi kumwagwa na baada ya vigae kukaa, akilinganisha na namba iliyo kwenye lebo. Waya ukikatika chini ya kigae, utabomoa. Dai pia swichi ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, na gundi iwe ile inayonyumbuka.

Umeme je? Mita mraba tisa ni wati 1,350, yaani yuniti moja na kitu kwa saa ya kwanza. Baadaye themostati huzima na kuwasha yenyewe. Mimi nimeiweka nyuzi 25, jioni tu, Juni hadi Agosti. Tokeni huenda haraka kidogo, lakini si kwa kiwango cha kutisha.

Ubaya upo. Kusimama muda mrefu mezani nikikata nguo kunachosha miguu, na mkeka mnene wa mpira siwezi kuuweka kwa sababu utafunika joto. Ovaloki, mashine yangu ya kumalizia kingo za nguo, nayo hutetemeka juu ya vigae. Nimeiwekea vipande vya mpira miguuni.

Kabla ya mkeka wa waya kufunikwa, upige picha huku futi ya kupimia imelala kandokando ya waya, kisha picha hizo uziweke pamoja na karatasi za nyumba. Siku fundi mwingine akija kutoboa sakafu, atajua waya umepita wapi.