He-Man Anarudi: Naomba Tu Wasimwonee Aibu

Haya jamani, karibuni tena. Leo mezani sina boksi la kufungua wala simu ya kupima. Nina huu upanga. Wa plastiki, kijivu, ncha imelika, na hapa kwenye mpini, ngoja niusogeze kwenye kamera, mnaona hivi vishimo? Ni alama za meno. Meno yangu, yale ya utotoni.

Nimeutoa kabatini kwa sababu He-Man, yule shujaa wa katuni ya miaka ya 1980, anarudi. Filamu mpya ya Masters of the Universe imepangwa kutoka Juni 5, 2026. Mwongozaji ni Travis Knight, steringi ni Nicholas Galitzine, na adui, yaani Skeletor mwenyewe, kapewa Jared Leto. Filamu sijaiona, kwa hiyo sitoi nyota leo. Ninachokiweka kwenye mizani ni matarajio yetu sisi mashabiki, maana picha halijaanza na watu wameshashikana mashati.

Huyu anataka kila kitu kiwe vilevile kama kwenye katuni. Yule anasema hapana, sisi tumekua, tunataka giza, damu, He-Man mwenye makovu kifuani. Na kuna wa tatu anayetaka vyote viwili kwa pamoja. Huyo wa tatu nilikuwa mimi, mpaka wiki mbili zilizopita nilipokosea nikairudia katuni yenyewe.

Nimeitazama na mpwa wangu wa miaka saba. Nilimwandaa kabisa: kaa hapa, leo utaona mwanaume anavyopiga watu. Kipindi cha kwanza kikaisha, hajapiga mtu. Cha pili, hajapiga mtu. Kumbe He-Man hapigi watu! Anawanyanyua, anawatupa kwenye tope. Anavunja mwamba. Upanga unarudisha miale, unakata minyororo, lakini hauchomi mtu hata siku moja. Ilikuwa katuni ya watoto, na mwisho wa kipindi anasimama mhusika anakupa funzo kama mwalimu wa zamu. Ile damu tunayoidai "irudishwe", haikuwahi kuwepo.

Halafu kukimbia. Kampuni iliyoichora, Filmation, ilitoa vipindi 130 kati ya 1983 na 1985, na ili kubana matumizi walikuwa wanachukua kipande kilekile cha He-Man anakimbia, wanabadilisha milima ya nyuma, wanakirusha tena. Kufika kipindi cha tatu mpwa wangu ananigeukia: "Mjomba, huyu mbona kila siku anakimbia vilevile?" Mimi utoto wangu wote sikuwahi kuliona hilo. Yeye dakika arobaini tu kaliona.

Na Adam, mwana wa mfalme, na kizibao chake cha waridi! Anainua upanga, radi zinapiga, anabadilika kuwa He-Man. Anabadilika nini sasa? Nywele zilezile, uso uleule, ngozi imekolea kidogo, nguo zimepungua. Na hakuna anayemtambua. Baba mzazi yupo pale kwenye kiti cha enzi, anamwangalia, hamtambui.

Nilikaa tayari kucheka. Lakini mnaikumbuka ile sehemu baada ya upanga kuinuliwa? Yule Cringer, simbamarara wa kijani mwoga, amejikunyata pembeni anatetemeka, anajua kabisa zamu yake inafuata. Upanga unashuka taratibu, unamwelekea, mwale unamkamata, na yule mwoga anakuwa Battle Cat, ana tandiko na kofia ya chuma, ananguruma. Mpwa wangu alikuwa amesimama juu ya kochi. Juu ya kochi, na soksi zake! Huyuhuyu aliyenikosoa habari ya kukimbia. Nami nilikuwa nimeushika huu upanga bila kujua nimeuokota saa ngapi.

Kwa hiyo kilichotushika si ngumi, wala si uchoraji mzuri. Katuni ile ni ya kipuuzi na haioni haya. Inasimama mbele yako na simbamarara wa kijani na inakuambia kwa sauti kavu kabisa: amini. Ukiniuliza, filamu za namna hii zinapoanguka, mara nyingi tatizo ni aibu. Watengenezaji wanaionea aibu katuni waliyoinunua.

Ushahidi tunao, wa He-Man huyuhuyu. Mwaka 1987 walitoa filamu, steringi Dolph Lundgren, mtu wa miraba minne, kwa umbo hakuna anayeweza kulalamika. Sasa huyo mtu, na upanga wake, na nywele zake, wakamtoa Eternia, sayari yake, wakamleta California. Sehemu kubwa ya filamu tupo Duniani na vijana wawili wa sekondari. Adam hayupo. Cringer hayupo. Orko, yule mchawi mdogo anayeelea, wakaona kumrusha ni kazi, wakamweka kijeba mmoja anaitwa Gwildor. Walitumia takribani dola milioni 22, nyumbani Marekani zikarudi kama 17. Na bado ndani ya filamu ile kuna mtu mmoja anafaa kutazamwa: Frank Langella, Skeletor. Alikubali kazi ile kwa sababu mwanawe alikuwa anampenda Skeletor. Mtazameni. Amefunikwa uso mzima na fuvu la bandia, lakini kila neno analitoa kama yuko jukwaani mbele ya wafalme. Mle ndani yeye peke yake haoni aibu.

Ugonjwa huu si wa He-Man tu. Mnakumbuka trela ya filamu ya Sonic, yule wa michezo ya video, Aprili 2019? Vimacho vidogo, meno ya binadamu yamejaa mdomo. Watu wakapiga kelele, mwongozaji Jeff Fowler akatoka akasema tutamrekebisha, na filamu ikasogezwa kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020. Waliochora yale meno hawakuwa wazembe, walikuwa wanatafuta uhalisia. Kalunguyeye wa buluu, kavaa viatu vyekundu, anakimbia kuishinda sauti, halafu wewe unahangaikia uhalisia wa meno!

Ile The Last Airbender ya 2010, filamu iliyotokana na katuni ya Avatar, sitaki hata kukaa nayo sana. Walichukua msimu wenye vipindi 20 wakaukamua ndani ya saa moja na dakika arobaini na ushee, utani wote ukavuja njiani, na mtoto Aang wakawa wanamwita "Ong". Sisi ambao lugha yetu inasomwa kama ilivyoandikwa tuliumia zaidi.

Upande wa pili yupo Optimus Prime, yule roboti wa Transformers anayegeuka lori. Filamu ya 2007, lori lake lina pua ndefu badala ya pua bapa ya kwenye katuni, na limepakwa miali ya moto ubavuni. Mashabiki walinuna kweli. Kisha lori likafungua mdomo, ikatoka sauti ya Peter Cullen, yuleyule aliyemsemea kwenye katuni ya 1984. Mimi malalamiko yangu yaliishia pale.

Ndiyo maana huyu Travis Knight namwachia mlango wazi. Yeye ndiye aliyeongoza Bumblebee ya 2018, nayo ni ya Transformers, na dakika za mwanzo za filamu ile, vita vya kule Cybertron, sayari ya maroboti hayo, maroboti yana maumbo na rangi zake za katuni. Unamtambua kila mmoja bila kuambiwa. Mtu aliyefanya vile haoni haya.

Kinachonikunja uso ni kwamba kwenye hadithi hii mpya, Adam amekulia Duniani. Duniani tena! Naelewa sababu, Dunia ni rahisi kuipiga picha na mtazamaji mgeni anapata pa kuingilia. Lakini kama nusu saa imepita bado tupo huku, nitaanza kuangalia saa.

Na sisi tusijitoe. Anayedai damu na makovu naye ana aibu, nawaambieni. Hataki mtu amkute, na ndevu zake, anatazama kizibao cha waridi. Anataka filamu imtetee. Tena kabla hujaniambia wanachezea kitu kitakatifu, kumbuka sanamu za He-Man za Mattel, kampuni ya midoli, zilitangulia sokoni 1982 na katuni ikafuata 1983 kuzisukuma. Kilikuwa tangazo tangu mwanzo. Huu upanga ninaoutetea ni ushahidi kwamba lilifanya kazi.

Mimi ninachokisubiri ni kicheko. Skeletor wa katuni, sauti ya Alan Oppenheimer, anacheka puani, kwa sauti nyembamba, na akishindwa anawafokea vibaraka wake kama mtu aliyeunguziwa maharage. Leto akija na ile sauti ya kunong'ona ya maadui wa siku hizi, tumekwisha. Akicheka puani, hata California mnipeleke.

Mpwa wangu yeye ameagiza Orko, basi. Tutakwenda wote, upanga nitauficha kwenye koti, na tutakaa hadi majina yote yapite, maana 1987 waliowahi kutoka hawakumwona Skeletor akichomoza kichwa kwenye dimbwi jekundu na kuahidi kwamba atarudi.