Darasa la jioni la JavaScript Langoni: jioni nzima kufuta vitu kwenye arei, je inafaa pesa?

Wengi mmeniuliza inbox kuhusu lile darasa la JavaScript (lugha ya kuandikia kodi za saiti) hapa Lamu, lile la Langoni la ghorofani juu ya saiba, basi nijibu hapa mara moja. Kama ushajua kidogo kuandika kodi na unahangaika na mambo ya orodha, kapu la mteja, oda na kadhalika, nenda. Kama hata konsoli ya brauza hujawahi kuifungua subiri kwanza, utakaa pale unatazama watu wanacheka kitu hukielewi na M-Pesa ishatoka.

Mwalimu ana mtindo wake, jioni moja mada moja, na mimi niliingia ile ya kutoa vitu kwenye arei, yaani orodha ya vitu ndani ya kodi. Ndio, jioni nzima kutoa tu. Kuongeza kila mtu anajua, push umemaliza, lakini kwenye kutoa ndiko saiti nyingi zinakoharibikia manake JavaScript ina njia chungu nzima za kutoa, kila moja na tabia yake, na hakuna hata moja ambayo unaiambia tu "toa kaimati" ikaelewa.

Mfano wake ulikuwa oda ya futari, arei ya vitu vinne: mofa, kaimati, viazi karai, sambusa. Mteja kabadilisha nia, kaimati hataki tena. Akaanza na delete, ikaonekana ukutani kwenye projekta, akauliza haya vimebaki vingapi, darasa zima "vitatu!" Akachapa length, yaani urefu wa arei, ikaja 4. Yaani delete inakitoa kitu lakini nafasi yake inaiacha wazi, kwa hivo ukipita na lupu ya kawaida ya namba (kodi inayopita kitu kimoja kimoja) kumuonyesha mteja oda yake anasoma mofa, undefined (yaani hapana kitu), viazi karai, sambusa. Kuna mkahawa mmoja hapa mjini menyu yao ya mtandaoni ilikuwa na hio undefined katikati ya vyakula, siku nyingi tu, na hakuna aliyejishughulisha.

Alafu akaja kwa splice na hapo ndipo niliona pesa yangu haikwenda bure. Unaiambia anzia namba ngapi na toa vingapi, splice(1, 1), kaimati ishatoka, viazi na sambusa vinasogea kuziba pengo na length inakuwa 3. (Hesabu inaanza sifuri ndio maana kaimati iko 1, hili hakulieleza sana, alichukulia watu wanajua.) Akaonya mapema kwamba splice inakurudishia kile kilichotoka sio kilichobaki, kwa hivo anayeandika oda = oda.splice(1, 1) anabaki na kaimati peke yake, kile kile ambacho mteja kakikataa.

Dada mmoja anayepika keki za oda akauliza, "Mwalimu, na mteja akitoa kitu ambacho hakimo?" Mwalimu akacheka, "Haya njoo dada, chapa mwenyewe." Akachapa oda.splice(oda.indexOf("mahamri"), 1). Mahamri hayamo, indexOf, ile inayotafuta kitu kiko namba ngapi, ikajibu -1, yaani hakimo, na splice ikiona -1 inaelewa ni cha mwisho, sambusa zikaondoka! Hakuna maandishi mekundu wala onyo wala nini, oda imepungua tu. Kaka mmoja wa nyuma akasema "sasa huu ni wizi" na tukacheka wote lakini kwa kweli hapo ndipo watu wengi walitoa kalamu. Dawa yake ni kuiangalia kwanza ile indeksi, ikiwa -1 usiguse kitu.

Lupu nayo akaifanyia vivyo hivyo. Mteja kabonyeza kaimati mara mbili kwa bahati mbaya, sasa ziko mbili zimefuatana, wewe unataka zote zitoke, unapita kuanzia mwanzo na kila ukikuta kaimati unaikata na splice. Inatoka moja. Ile ya pili ishasogea kwenye nafasi ya mwenzake na lupu imekwenda mbele, haikuiona. Ama upite kutoka nyuma kuja mbele ama uachane na splice kabisa utumie filter, unasema nibakishie kila kitu kisichokuwa kaimati, zinatoka zote kwa mkupuo hata zingekuwa kumi. Mimi kwa kazi za kawaida naona filter ndio yenyewe, na mahamri yasiyokuwemo hayaisumbui. Ila inakupa arei mpya, ya zamani iko vile vile, kwa hivo usipoiweka mahali hujafanya kitu, na kama oda uliitangaza kwa const ukijaribu kuipa thamani mpya itakukatalia, wakati splice kwenye const inapita bila shida. Hapa aliuliza nani anajua kwa nini, kimya, akaeleza kwamba const inafunga jina tu, vilivyomo ndani haivilindi. Kaeleza vizuri mashallah, sijawahi kusikia mtu akilieleza kwa Kiswahili chepesi vile.

Pop na shift alizipitia haraka, moja inatoa cha mwisho na nyengine cha kwanza, na length = 0 ya kumwaga kila kitu. Akataja toSpliced pia, inafanya kama splice lakini haigusi arei ya asili, tatizo imeingia kwenye lugha 2023 na simu za watu huku nyingi brauza zake ni za zamani haziijui, filter iko kwenye kiwango cha lugha tangu 2009 kwa hivo popote inafanya kazi. Ushauri kama huu ndio siupati kwenye video za watu walio na simu mpya.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema JavaScript na PHP (lugha ya upande wa seva), na PHP ikapata dakika za mwisho mwisho watu washaanza kufunga laptopu, wale wa Shela washaondoka kuwahi boti. Na ndiko kwenye balaa! Ukitumia unset, ya kufuta kitu, kwenye PHP namba zinabaki na pengo, 0, 2, 3, alafu json_encode, ile inayoigeuza data itumwe kwa JavaScript, ikiona hivo haitumi orodha tena, inatuma objekti, aina nyengine ya data, na kule kwenye JavaScript filter yako inakufa manake objekti haina filter. Lazima upitishe array_values kwanza, ipange namba upya. Alisema sentensi mbili basi, na mimi saiti yangu nusu ni PHP. Hata array_filter, filter ya PHP, inaacha mapengo yale yale, hilo hakulitaja kabisa.

Chumba kina joto, feni moja, kaa upande wa dirishani. Notisi ni za Kiingereza tupu wakati yeye mwenyewe anafundisha kwa Kiswahili kizuri, sijui kwa nini. Magharibi mnasimama kuswali na anaanza tena kwa wakati, hapo hongera. Umeme ukipotea mnaendelea kwa betri, kwa hivo njoo na laptopu imejaa chaji.

Mimi nampa nne kwa tano, ile moja ni ya PHP. Unalipia jioni unayokuja tu, hakuna kufungwa mwezi mzima, kwa hivo mpigie umuulize mada ya siku ile ni ipi kabla hujatuma pesa.