Seti ya dripu isiyo na sindano ya chuma: tathmini ya muuguzi wa Dodoma

Katika maduka ya vifaa tiba mjini Dodoma, seti za dripu za bei ya chini mara nyingi hufungwa pamoja na sindano ya chuma mwishoni mwa mpira, na kwa kuwa mgonjwa huwa tayari ana kanula, yaani mrija mdogo wa plastiki uliokwisha kuingizwa kwenye mshipa, muuguzi huichomoa sindano hiyo na kuitupa. Sindano hiyo haijamtibu mtu yeyote, ila tangu inapotoka kwenye pakiti ni taka yenye ncha kali inayodai nafasi ndani ya boksi la usalama. Seti ninayoitathmini, ambayo zahanati yetu sasa inainunua badala ya ile ya zamani, haina sindano, na chemba yake ya matone ina tundu la hewa lenye kichujio na kifuniko.

Tundu hilo ndilo lililonivutia zaidi. Maji yaliyomo katika chupa ya plastiki isiyosinyaa hayashuki vizuri pasipo hewa kuingia, na seti inapokosa njia ya hewa, wauguzi wengi huchoma sindano nyingine juu ya chupa iliyoning'inizwa. Kitendo hicho huingiza hewa isiyochujwa, jambo baya popote na baya zaidi kwetu, ambako upepo wa kiangazi hujaza vumbi hadi ndani ya wodi. Tena sindano hiyo husahaulika, na anayekutana nayo ni mhudumu wa usafi anayekusanya chupa tupu. Akichomwa na sindano yenye damu, inambidi awahi dawa za kinga dhidi ya VVU ndani ya saa 72, na kwa homa ya ini aina ya B usalama wake hutegemea sana kama amechanjwa. Kwa sababu hiyo naipima seti yoyote kwanza kwa ncha kali inazomwachia mtu huyo.

Utendaji wake kitandani unaridhisha. Hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo mililita 500 za kuingia kwa saa nne huhitaji takriban matone 42 kwa dakika, na kidhibiti cha gurudumu hushika vizuri, ingawa mgonjwa akigeuka ni lazima kuhesabu upya.

Dripu inapoisha, nafunga kidhibiti kwanza, natoa kanula na kuitia moja kwa moja kwenye boksi la usalama lililowekwa karibu na kitanda, ambalo hufungwa likijaa robo tatu. Mpira uliogusa damu huenda kwenye ndoo ya njano. Ncha ya plastiki inayotobolea chupa haikubadilika katika seti hii, nayo ni ngumu kiasi cha kupasua mfuko, hivyo nayo naihesabu kuwa taka yenye ncha kali. Kukata mpira kwa mkasi ili upungue ukubwa nakupinga kabisa, maana hurusha matone ya damu usoni na kuuchafua mkasi.

Kasoro kubwa ni malighafi. Pakiti inatamba kwamba mpira hauna DEHP, kemikali ya kulainisha plastiki, lakini bado ni PVC, yaani plastiki yenye klorini, ambayo ikichomwa kwenye shimo la wazi hutoa gesi ya asidi na sumu ziitwazo dioksini. Hata kichomea taka kisichofikia joto kali la nyuzi 850 na zaidi hakifai kwa mpira huu, kwa hiyo zahanati isiyo na chenye uwezo huo iingie makubaliano na kituo kinachokimiliki kabla ya kununua shehena.

Bei yake iko juu kidogo, nami naona inastahili. Dukani tulihudumiwa kwa heshima na tarehe za mwisho wa matumizi zilikuwa mbali, isipokuwa seti ya watoto ya matone 60 kwa mililita haikuwepo katika muundo huu. Kwa watoto bado tunatumia ile ya zamani, na sindano yake huingia kwenye boksi mara pakiti inapofunguliwa.