Sanduku la jua lenye nanochembe (chembe ndogo mno) la kutoa chumvi kwenye maji: nimelitumia, maoni yangu haya

Kwa wenye haraka: linafanya kazi, maji ni matamu kweli, hayana chumvi, lakini zile lita 15 kwa siku anazotangaza muuzaji zisahau.

Niko Faza, kisiwani Pate. Visima vyetu vingi ni vya chumvi, na jabia (birika kubwa la kukinga maji ya mvua) likikauka kabla ya mvua, maji ya kunywa ni ya kununua. Ndiyo maana nikalichukua. Ni trei ya alumini ya mita moja ya mraba iliyopakwa rangi nyeusi yenye nanochembe za kaboni, juu yake kioo kilichoinama ambako mvuke hugeuka matone, na mfereji mwembamba wa kukinga matone. Linakuja pia na kitambaa cheusi kilichopakwa chembe hizohizo, kimelazwa juu ya jaboya bapa ili kielee.

Jirani yangu, fundi wa mashua, ana la ukubwa uleule alilojitengenezea kwa mbao na rangi nyeusi ya dukani isiyong'aa. Tukayaweka sambamba, maji ya kisima kimoja. Lake lilitoa kama lita 3. Langu, bila kitambaa, lilimzidi kwa kikombe tu. Wala si ajabu: rangi nyeusi nzuri ya kawaida tayari inameza zaidi ya asilimia 90 ya mwanga, sasa hiyo nano itaongeza nini hapo?

Kitambaa ndicho kilichonifanya nikae nikitazame. Kinanyonya maji kidogo kidogo na kuyapasha palepale juu, badala ya jua kuhangaika kuchemsha trei nzima. Saa tatu asubuhi kioo cha jirani kina ukungu tu, changu matone yameshaungana yanateremka mferejini. Siku ya jua kali nilikaribia lita 4.

Lita 15 je? Piga hesabu mwenyewe. Kuvukiza lita moja kunakula kama uniti 0.65, zilezile uniti za stima. Jua la pwani siku njema humwaga uniti 5 hadi 6 kwa mita ya mraba. Hata usipopoteza joto hata chembe, hufiki lita 10. Ipo mitambo ya tabaka nyingi inayotumia joto lilelile mara kadhaa, hiyo yaweza kuvuka hapo, lakini hili ni la tabaka moja. Na kazi yenyewe ni ya zamani: huko Las Salinas, Chile, mhandisi Carlos Wilson alijenga mtambo wa vioo mwaka 1872, zaidi ya mita za mraba 4,000, ukatoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku. Gawanya uone. Hakukuwa na nano wakati huo.

Usumbufu ni chumvi. Ikifika jioni kitambaa kimeota ukoko mweupe pembeni, na weupe unarudisha mwanga. Usipokisuuza kila alfajiri, utaona maji yanapungua. Pia weusi wa trei umeanza kutoka kwenye kona, ukigusa unabaki kidoleni. Chembe hizo hazipandi na mvuke. Maji niliyokinga kwenye bakuli jeupe hayakuwa na doa. Ila kwa bei hiyo, karibu mara tatu ya gharama za jirani, rangi haikupaswa kubanduka mapema hivi. Siku za mawingu ya kusi, tarajia nusu ya maji au pungufu.

Ladha yake imepooza, maana madini yote yamebaki chini. Sisi huyachanganya na ya jabia. Yale tusiyoyachanganya anayachukua fundi wa sola kwa ajili ya betri, na huyo hajawahi kulalamika.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne ningeitoa kama wangeuza kitambaa peke yake, nikamwekea jirani kwenye sanduku lake la mbao. Nimeuliza. Jibu: ni sanduku zima au basi.