Tiketi ya basi la watalii Dubai: ipi inunuliwe, ipi iachwe

Mfanyabiashara aliyekwenda Dubai kuchukua mzigo, au msafiri anayesubiri ndege ya kuunganisha, aghalabu hubakiwa na siku moja tu ya kutembea, na ni siku hiyo inayopaswa kuamua tiketi ya kununua. Mabasi ya ghorofa yanayomruhusu abiria kushuka kituo chochote na kupanda linalofuata kwa tiketi ile ile yana faida yake, lakini si kwa kila mtu.

Kwa anayetembea peke yake na asiye na shida ya kupanda ngazi, chaguo la kwanza si basi la watalii kabisa, bali ni pasi ya siku ya kadi ya Nol, ambayo kwa dirham 20 humruhusu kutumia metro, tramu na mabasi ya kawaida ya mji siku nzima. Kituo cha metro cha Al Ras humfikisha mtaa wa Deira, karibu na soko la dhahabu na soko la viungo. Kutoka hapo atavuka hori, yaani mkono wa bahari unaoingia mjini, kwa abra, mashua ndogo ya abiria ambayo nauli yake ni dirham moja tu, inayolipwa taslimu. Abiria hukaa kwenye benchi la katikati wakipeana migongo, huku nahodha akiwa amesimama ndani ya shimo lililo kati yao. Kwa maoni yangu hakuna basi linaloshinda safari hiyo fupi, hasa ukizingatia kwamba upande wa Deira utayaona majahazi yakipakia shehena gatini. Ila ukumbuke kwamba Jumapili metro huanza saa mbili asubuhi, na kwamba kula au kunywa ndani yake hutozwa faini.

Nafasi ya pili naipa tiketi ya siku moja ya basi la watalii, na kwa familia yenye watoto wadogo au wazee ningeipandisha iwe ya kwanza. Dubai ni mji uliotandazwa kando ya pwani, na metro haipiti barabara ya ufukwe wa Jumeirah wala haiingii kisiwa cha Palm. Huko ndiko basi linakolipa gharama yake, ingawa bei ni mara kadhaa ya pasi ya Nol. Ghorofa ya juu hufaa kati ya Novemba na Machi. Mwezi wa Agosti, joto likipita nyuzi 40, utajikuta chini kwenye kiyoyozi ukiutazama mji kupitia kioo.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama saa zinahesabiwa tangu unapopanda mara ya kwanza au kama tiketi inakwisha siku ile ile, kwa kuwa katika hali ya pili anayeanza mchana amekwisha kupoteza nusu ya fedha zake. Uliza pia basi hupita kila baada ya dakika ngapi, na la mwisho huondoka saa ngapi. Palipo na pengo la nusu saa, kushuka vituo vitano kunaweza kukusubirisha zaidi ya saa mbili.

Tiketi ya siku mbili au zaidi huvutia kwa sababu nyongeza ya bei huonekana ndogo, lakini kama siku ya pili utakuwa ghalani ukihesabu maboksi, iache.

Vifurushi vinavyojumuisha tiketi ya basi na viingilio vya vivutio naviweka mwisho. Jengo la Burj Khalifa, lenye urefu wa mita 828, huuza tiketi kwa saa maalumu, na saa za machweo huwa ghali zaidi, kwa hiyo kifurushi kisichotaja saa yako ya kupanda kinaweza kukupa ile isiyotakiwa na wengine. Jumlisha kwanza bei ya kila kiingilio unachokihitaji kweli, ukiacha akwariamu na vingine ambavyo usingevilipia peke yake.