Tairi nne za Subaru: nilivyochagua, na karakana ya Mwanza ilivyozifunga

Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2005, na tairi zake ni za ukubwa wa 225/45R17. Nilipolinunua kwa mtu hapa Mwanza lilikuja na tairi ambazo kwa macho zilionekana bado nzima, kashata zake, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa lami, zikiwa zimejaa, na muuzaji alizitaja kama sababu mojawapo ya bei aliyoitaka. Nilikuja kuzijua vizuri siku ya mvua ya vuli, karibu na kipilefti cha samaki, nilipokanyaga breki nikiwa katika mwendo wa kawaida kabisa na gari likaendelea kwenda kama mtumbwi usio na kasia. Hakuna aliyeumia, na aliyekuwa mbele yangu hakujua hata kwamba nilibakiza nusu mita kumgonga. Nilipofika nyumbani nilichukua tochi ya simu, nikainama, nikasoma ubavuni mwa tairi kwa mara ya kwanza. Palikuwa na neno "STUDLESS", na mbele kidogo tarakimu 3914.

Tarakimu hizo nne, zinazofuata herufi za DOT, ni cheti cha kuzaliwa cha tairi: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo tairi zangu zilitengenezwa wiki ya 39 ya mwaka 2014. Neno lile nalo lina maana kwamba ni tairi za barafu na theluji, zinazotengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Japani. Mpira wake ni laini makusudi ili usigeuke mgumu kama ubao kwenye baridi, na kila kashata imechanjwa mikato midogo mingi ili iume barafu. Ukiileta tairi ya namna hiyo kwenye lami ya Mwanza, digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, kashata zake zinayumba zenyewe kwa wenyewe wakati wa kukata kona, na breki ya ghafla inaukuta mpira uliolegea. Wanaonunua tairi za mtumba, au magari yaliyoshuka meli karibuni, watafute neno hilo, au majina kama Blizzak na iceGUARD, kabla hawajafurahia kina cha kashata. Tairi ya theluji huwa na kashata nene hata ikiwa imezeeka, na ndiyo maana huuzika haraka.

Katika kuchagua tairi mpya nilianza na maandishi ya ubavuni kabla ya majina ya kampuni. 225 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya upana huo inayotengeneza kimo cha ubavu, yaani milimita 101 hivi, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Baada ya hapo hufuata namba ya uzito na herufi ya mwendo. Nilitaka 94Y: namba 94 ina maana kwamba tairi moja inabeba kilo 670, na Y kwamba imepimwa kuhimili kilomita 300 kwa saa. Najua swali litakalofuata, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi: kilomita 300 za wapi, wakati mjini mwisho ni 50 na askari wenye tochi wamejaa njia nzima? Jibu ni kwamba tairi inayohimili mwendo huo imejengwa kustahimili joto na kutojipinda, na sifa hizo mbili zinafanya kazi hata katika kilomita 60 kwa saa, siku bodaboda anapokukatia mbele bila kuangalia.

Nilizilinganisha aina mbili za tairi. Ya kwanza ni ile iliyo karibu na tairi za mashindano, mfano wake Yokohama Advan Neova AD08R, ambayo namba yake ya uchakavu kwa mfumo wa Marekani ni 180. Namba hiyo hupimwa kwa kulinganishwa na tairi ya kipimo iliyopewa 100, na kwa kuwa kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe, haifai kushindanisha kampuni moja na nyingine. Hata hivyo, 180 ni ndogo kwa tairi za siku hizi, na inatosha kukuambia kwamba unanunua mpira laini utakaoshika lami vizuri sana na kwisha mapema. Kwa mtu anayeendesha kwa starehe siku za Jumapili ni chaguo zuri. Mimi naendesha kwenda kazini kila siku, na mvua zetu za masika na vuli hazibishi hodi. Tena barabara ya kuelekea uwanja wa ndege ina malori ya samaki yanayodondosha maji ya barafu yenye utelezi hata jua likiwaka. Kwa sababu hiyo nilichagua aina ya pili, ya kasi lakini ya matumizi ya kila siku: Michelin Pilot Sport 5, iliyoingia sokoni mwaka 2022 kuchukua nafasi ya Pilot Sport 4. Michoro yake haifanani pande mbili. Upande wa nje una kashata pana kwa ajili ya kona kavu, na upande wa ndani una mifereji mingi ya kuondoa maji. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu ndilo lililoleta matatizo.

Kuhusu idadi sikuwa na mjadala. Baadhi ya jamaa walinishauri ninunue mbili za mbele kwanza, mbili za nyuma mwisho wa mwezi ujao. Kwenye gari la kuvuta magurudumu mawili ushauri huo unaweza kupita, ila kwenye Subaru kama yangu, inayovuta magurudumu yote manne, unagharimu. Kampuni yenyewe inataka mizunguko ya tairi zote nne isitofautiane kwa zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi, na milimita 6 za mzunguko ni kina cha milimita 1 tu ya kashata. Tairi yangu ikiwa mpya inazungusha karibu mita 1.99, ikishalika milimita 4, mzunguko unapungua kwa milimita 25, na kwa kuwa gurudumu linazunguka takribani mara 500 kila kilomita, linakuwa nyuma ya mwenzake kwa zaidi ya mita 12 katika kila kilomita. Deni hilo hulipwa na difu ya kati, kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ambayo inalazimika kusuguana na kuchemka safari nzima hata barabara ikiwa imenyooka. Difu hiyo, ukiipata ya mtumba, bei yake inaziacha tairi mbili mbali.

Duka nililonunua liliagiza tairi kutoka Dar es Salaam na zikaja kwa basi hadi Stendi ya Nyegezi. Bei ilikuwa shilingi 520,000 kwa tairi moja, jumla shilingi 2,080,000 bila usafiri. Niliomba kwanza picha za tarakimu za tarehe, na muuzaji, ambaye mwanzoni aliona kama ninamdhania vibaya, alizituma jioni ile ile. Tatu zilikuwa za mwaka mmoja, ya nne ilikuwa na umri uliozizidi wenzake kwa karibu miaka mitatu. Nilimwambia kwamba hiyo ya nne siipokei. Hakubisha, akabadilisha, na nikangoja siku nne zaidi. Kwa hilo ninampa alama zote.

Ufungaji niliufanya katika karakana nyingine, ambayo sitaitaja jina kwa sababu si yote nitakayoyasema yatawapendeza. Nianze na mazuri, nayo ni mengi. Mashine yao ya kuvua tairi ina kichwa kilichofunikwa plastiki, hivyo rimu zangu, ambazo ubavu mwembamba wa tairi unaziacha wazi, zilitoka bila mkwaruzo hata mmoja. Kwa fundi anayevua tairi kwa mitaimbo ya chuma nisingethubutu kuzipeleka. Walipaka sabuni ya tairi kwenye kingo badala ya grisi, wakasugua kutu na uchafu mahali tairi inapokalia rimu, na wakabadilisha valvu zote nne bila kuombwa, kila moja kwa shilingi 3,000. Kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, kulifanywa kwa utulivu niliousifu hapo hapo. Fundi alipima pande mbili za kila gurudumu, akabandika vipande vya uzito upande wa ndani visikoonekana, kisha akazungusha tena mpaka mashine ikasoma sifuri pande zote. Gurudumu moja lilipodai gramu 70, hakuongeza tu vipande kama wengi wafanyavyo. Alitoa upepo, akaizungusha tairi nusu mzunguko juu ya rimu, akapima upya, na dai likashuka hadi gramu 30. Kijana huyo anaijua kazi yake.

Tatizo lilianza kwenye kufunga. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wateja nikiyatazama magurudumu yakirudi garini, nikaona kwamba la nyuma kushoto lina mifereji mingi upande wa nje. Ubavuni, neno "OUTSIDE", ambalo lazima litazame nje kwenye kila gurudumu, lilikuwa limegeukia kwenye springi. Nilipomwonyesha fundi mkuu alisema kwa upole, "Dada, tairi ni tairi, upepo ukijaa zote zinakuwa sawa." Nilimwomba asome neno lenyewe. Alisoma, akanyamaza kidogo, akamwita kijana na kazi ikarudiwa bila malipo na bila maneno. Sina kinyongo naye, lakini nawaza ni wangapi wanaosinzia kwenye benchi lile na kuondoka na tairi ya mvua iliyogeuzwa kinyume.

Kwenye upepo tulivutana tena. Alitaka kujaza paundi 40 kwa hoja kwamba tairi ngumu ndiyo inayodumu. Ukweli ni kwamba tairi iliyojazwa kupita kiasi hulika katikati na kugusa lami kwa eneo dogo, na ukishagusa lami kidogo umetupa ulichokilipia. Kibandiko cha mlangoni kwangu, kama yalivyo magari mengi ya Japani, kimeandikwa kwa kilopaskali. Tairi za mbele ni 230, sawa na paundi 33 hivi, zikipimwa asubuhi kabla gari halijatembea. Ndivyo tulivyojaza. Nati alizikaza kwa bunduki ya upepo tangu mwanzo hadi mwisho, jambo nisilolikubali, kwa hiyo nyumbani nilizilegeza na kuzikaza upya kwa spana yenye kipimo, kisha nikazihakiki baada ya kilomita 80.

Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, ndiyo iliyoniudhi. Mashine yao ni ya kisasa na inatoa karatasi ya vipimo, lakini hakuna aliyeingia chini ya gari kutikisa tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) na bushi (mipira ya kwenye viungo) kabla ya kupima, na kupima gari lenye tairodi iliyolegea ni sawa na kupima kitambaa juu ya meza inayocheza. Karatasi ilionyesha rangi ya kijani kila mahali, huku usukani ukiwa umepinda kulia barabara ikiwa imenyooka. Nilirudi kesho yake, wakarekebisha usukani. Wiki mbili baadaye ulipinda tena. Fundi wa mtaani kwetu Pasiansi, asiye na mashine yoyote, alishika gurudumu la mbele kwa mikono miwili, akalitikisa mara moja, akasema tairodi ya kushoto imekufa. Nilibadilisha, nikalipia alaimenti kwingine, na usukani haujapinda tangu siku hiyo.

Tairi zenyewe nilizipa kilomita mia tatu za taratibu kwanza, kwa sababu mpira mpya hutoka kiwandani na utelezi wa mafuta ya kalibu. Baada ya hapo nilikwenda Usagara, Kigongo, na kuvuka daraja jipya la J. P. Magufuli hadi Busisi, ambako tangu Juni 2025 tunapita juu ya ziwa mahali tulipokuwa tukingoja kivuko. Mvua ilinikuta nikirudi. Usukani ulibaki mzito na wenye habari. Nilihisi maji yakipasuliwa chini yangu, na palipotuama dimbwi gari halikuelea. Mlima wa Isamilo na kona zake umekuwa kitu kingine kabisa. Kasoro nilizoziona ni mbili. Kelele kwenye lami ya kokoto ni kubwa kuliko nilivyotarajia, na ubavu mgumu unalipeleka kila tuta na kila rasta moja kwa moja mgongoni. Mama yangu amekataa kupanda gari hilo kwenda kanisani.

Sasa ninatimiza kilomita 6,000. Kina kilichobaki ni karibu sawa mbele na nyuma, isipokuwa ukingo wa ndani wa mbele kushoto ulioliwa milimita nzima zaidi katika zile wiki mbili za tairodi mbovu. Kwa kuwa pancha moja isiyozibika ingenilazimu kununua nne upya, nimenunua tairi ya tano na rimu ya mtumba inayofanana na zangu. Michoro yake inaruhusu kuhama upande wowote mradi "OUTSIDE" itazame nje, kwa hiyo haikai stoo. Kila kilomita 5,000 inaingia zamu, na iliyoliwa zaidi inakwenda kupumzika. Kwa sasa inayopumzika ni ile ya mbele kushoto.