Heaven or Las Vegas ya Cocteau Twins: maneno sijayashika mpaka leo

Aisee nimekaa na hii albamu wiki tatu na bado ukiniuliza dada anaimba nini sina jibu. Ni ya 1990, nyimbo 10, haifiki hata dakika 40. Bendi inatoka Grangemouth, Scotland, mji uliokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta mpaka 2025, sasa huko kwenye mabomba na moshi ndo sijui walitoa wapi mlio laini hivi.

Mara ya kwanza niliiweka kwa spika ya simu huku naosha vyombo nikasikia makelele tu, kama redio ya jirani na mlango umefungwa. Usifanye hilo kosa. Siku ya pili umeme umekata nikavaa hedifoni, inaanza Cherry-Coloured Funk, gita linaingia linayumbayumba kama taa unayoiona kwenye maji, Elizabeth Fraser anaanza chinichini kama mtu anajisemea mwenyewe, af kiitikio kinafika sauti inapaa mpaka nikatoa hedifoni sikio moja nikaanza upya nihakikishe ni mtu yuleyule. Ni yeye.

Maneno mengine ni Kiingereza kabisa, mengine anayavunjavunja anafuata mlio tu, na wapo watu linawakera hili. Jamani, Lingala tumeicheza kwenye harusi ngapi, nani alikuwa anaelewa? Mama yangu ana wimbo mmoja wa Franco anaimba mwanzo mwisho, maneno yote kayakosea, na machozi yanamtoka.

Ila kwenye gita ndo wanaachana kabisa na Wakongo. Solo la Kikongo kila noti unaihesabu, inadondoka kavu, safi. Robin Guthrie yeye analipitisha gita kwenye eko na vidude vingine juu ya eko mpaka hujui kidole kimegusa waya saa ngapi, kinabaki kiwingu tu. Ngoma sasa, hapo sidanganyi, ni za mashine na zinasikika ni za mashine, na katikati kuna nyimbo mbili tatu nachanganya mpaka leo. Besi ya Simon Raymonde ndo inazishikilia zisipeperuke.

Af nikaja kujua Fraser na Guthrie walikuwa wapenzi, mtoto wao kazaliwa 1989, wimbo wa Pitch the Baby ndo wa huyo mtoto, na kipindi hichohicho Guthrie yuko kwenye dawa za kulevya, na Raymonde kafiwa na baba yake 1990 hiyohiyo. Nikarudi kusikiliza ule wa mwisho unaoanza polepole na piano, sikuweza kufanya kazi nyingine.

Na kumbe hawa watu tumewasikia siku nyingi bila kujua! The Weeknd kwenye The Knowing ya 2011 kachukua hiyohiyo Cherry-Coloured Funk, mimi miaka yote najua lile gita ni lake. Teardrop ya Massive Attack sauti ni ya Fraser. Ukisikiliza bendi kama Slowdive au Beach House unaona kabisa wameshika njia hii.

Mi naipa 9 kwa 10, hiyo moja nimekata sababu ya ngoma.

Juzi nikamvalisha mama hedifoni, katulia mpaka wimbo umeisha. "Huyu binti analia nini?" Nikamwambia mama hata mimi sijui.

"Haya, rudisha mwanzo."